Tundu la Siku Nne

Jumatatu, 24 Novemba 2003

Mfungo wa ishirini na tisa. Kesho Idi kwa msikiti mmoja, keshokutwa kwa mwengine. Kila mwaka hivi hivi. London!

Kazini nina habari kubwa na sina wa kumwambia. Mashine za watu wanaotengeneza mfumo tunaoutumia kwenye seva yetu zimevunjwa. Wao wenyewe! Mtu ameingia kwa neno la siri la wizi, kama mtumiaji wa kawaida, kisha akawa bwana wa mashine nzima. Alipandaje kutoka chini mpaka juu? Hawajui. Hapo ndipo ninapoogopa. Kama wao hawajui, tundu bado liko wazi, na liko kwangu pia.

Nimemweleza Harish. Meneja wangu, mzaliwa wa Tanga, aliondoka huko akiwa na miaka kumi na sita. Akitaka kitu huzungumza Kiswahili, akitaka kukataa huzungumza Kiingereza. Leo alikuwa anakula sambusa mbele yangu, mdomo wangu mkavu tangu alfajiri. "Who would want us, Miraji?" Shirika la kusaidia wakimbizi, watu kumi na mmoja juu ya duka la mazulia Lewisham. Nani atatutaka.

Kiingereza. Basi nikajua.

Jumanne, 25 Novemba 2003

Idi. Nimeswali, baridi, viatu vyangu vimevaliwa na mtu mwengine. Mke wangu Ummukulthum yuko zamu nyumba ya wazee. Nimempa Sundus mkono wa Idi, akanijibu, "Thanks, Dad." Nimepika pilau mwenyewe. Imeungua chini.

Ijumaa, 28 Novemba 2003

Kiini kipya kimetoka leo, 2.4.23. Nimesoma orodha ya mabadiliko yote, kurasa na kurasa, na hakuna palipoandikwa haraka wala hatari. Sasisho la kawaida.

Ummukulthum ameniuliza nasoma nini kwa uso ule. Nikamwambia, kernel. Kiini cha mfumo. Programu zote zinakaa juu yake, na yeye ndiye anayesema nani afungue faili gani, nani asifungue. Kama yeye ana tundu, kufuli nyingine zote ni mapambo.

"Basi mbadilishe."

"Lazima mashine izimwe."

"Basi izime."

"Lazima nipate ruhusa."

"Ahaa," akasema, akaendelea kukunja nguo. Miaka kumi na mitatu ya ndoa. Ahaa yake naijua.

Jumatatu, 1 Desemba 2003

Limejulikana! Tangazo limetoka leo. Tundu lilikuwa ndani ya kiini chenyewe, mahali pa kugawa kumbukumbu. Mtu yeyote mwenye akaunti, hata ya chini kabisa, anaomba kumbukumbu kwa namna ya ujanja, kiini kinamkubalia asichostahili, na mara moja yeye ndiye bwana. Anasoma kila kitu. Anafuta kila kitu. Lilirekebishwa kimya kimya tangu Septemba, hakuna aliyejua uzito wake. Kiini kile cha Ijumaa kina dawa. Cha kwetu hakina.

Saa tatu na nusu nilikuwa mlangoni kwa Harish. Nimesema: nipe nusu saa. Nazima, nabadilisha, nawasha. Nusu saa!

Akasema wafadhili wanakuja Jumatano, wanakaa siku tatu, wanataka kuona jinsi wateja wanavyohudumiwa, na ripoti lazima itoke kwenye mashine hiyo hiyo. Isipowaka je? Nikasema itawaka. Akasema, mwezi wa tatu ulisema itawaka, tukakaa siku nzima bila printa.

Kweli, nilisema.

"Friday," akasema. "After they leave."

Nikasema Ijumaa ni siku nne. Akarudia, "Friday," na akavaa miwani.

Nimerudi mezani nikamwandikia imeli. Tarehe, saa, hatari, ombi langu. Akajibu neno lile lile moja. Nimelichapa, nimelitia mkobani. Mtu wa Pemba aliyewahi kufukuzwa kazi hachezi na karatasi.

Jumanne, 2 Desemba 2003

Nimefika mapema. Célestine alikuwa anapiga deki ngazi. "Bonjour, Papa Miraji. Pita pembeni, huko kumekauka."

Anasafisha jengo letu asubuhi, na pia ni mteja wetu. Anatoka Bukavu. Mwezi wa nane mkalimani hakuja, nikaombwa mie nikae na wakili, nitafsiri na kuchapa maelezo yake. Kurasa kumi na tisa. Pahala fulani alisimama akaniambia, "Andika, lakini usiniangalie." Nikachapa nimeuelekea ukuta.

Baada ya vita, baada ya yote, miaka miwili hapa London, alialikwa harusi ya Wakongo wenzake. Akamuona yule mtu wa kwenye maelezo yake, aliyewatoa nyumbani kwao usiku, huko Bukavu. Suti nzuri, sahani ya wali mkononi. Naye akamuona. Célestine akaenda polisi akamtaja jina. Wakamhamisha Célestine, asije akatafutwa. Anwani yake mpya inajulikana na polisi, na wakili wake, na imo ndani ya faili lake. Ndani ya mashine yangu.

Pita pembeni, kumekauka.

Nimerudi kwa Harish mara ya pili. Safari hii nikasema jina lake. Nikasema, faili la Célestine limo mle. Akajibu kwa Kiswahili, kwa upole: "Miraji bwana, unadhani mimi sina roho? Siku tatu tu. Wafadhili wakiondoka na ile pesa wasitupe, huyo Célestine atasaidiwa na nani?"

Hilo ndilo baya la Harish — mara nyingine ana haki nusu.

Ningeweza kuizima mwenyewe. Nina ufunguo wa chumba. Ningezima saa kumi na mbili jioni, watu wote wameondoka, asubuhi hakuna ambaye angejua. Nimesimama mbele ya mashine nimevaa koti. Nikafikiria isipowaka. Nikafikiria barua ya kufukuzwa. Nikaenda kupanda treni.

Jumatano, 3 Desemba 2003

Wafadhili. Tai. Biskuti za chokoleti. Harish amewaambia sisi tunalinda taarifa za wateja kama roho zetu. Nimetikisa kichwa. Kuitikia!

Ijumaa, 5 Desemba 2003

Niandike yote kwa mpango, maana kesho nitaanza kujidanganya.

Wageni wameondoka saa tisa. Harish akanipungia mkono: haya, endelea. Wenzangu wametoka mapema. Kabla ya kuzima nikatazama nani aliingia wiki hii. Mazoea tu.

Alhamisi, saa tano na dakika kumi na mbili asubuhi: Method.

Method aliacha kazi kwetu mwezi wa sita! Kijana wa Bukoba, fundi kuliko mie, akapata kampuni kubwa Stratford. Siku alipoondoka nilitia saini fomu kwamba akaunti yake nimeifuta. Sikuifuta. Nikikwama, Method huingia kutoka kwake akanisaidia, na mie hukwama mara nyingi kuliko anavyojua Harish. Nilimwachia mlango kwa faida yangu.

Lakini huyu hakuingia kutoka Stratford. Namba ya mashine aliyotoka ni ya nchi nyingine kabisa. Nikatafuta mle panapowekwa vitu vya muda. Programu ndogo, jina lake vitone viwili na nafasi tupu, lisionekane, imefichwa humo. Tarehe ya Alhamisi. Nimeisoma nusu, nikajua. Ndiyo ile ya kuomba kumbukumbu kwa ujanja.

Alikaa mpaka saa nane na robo mchana. Muda wa saa tatu na dakika tatu. Mie nilikuwa wapi? Chumba cha mikutano, nawasogezea wafadhili projekta.

Nikaenda kwenye maelezo ya wateja. Mia nne na kumi na mbili. Kila faili huandika saa liliposomwa mara ya mwisho. Nikatazama — yote yamesomwa Alhamisi saa moja jioni. Kisha nikakumbuka: ni mkanda wa akiba. Kila jioni mkanda husoma kila faili ili kunakili. Basi aliyesoma kabla ya mkanda hana alama. Labda aliyasoma yote. Labda hakuyatazama hata moja, alitaka mashine tu ya kutumia barua taka, kama wanavyofanya wengi. Faili likinakiliwa halipungui. Halina jeraha. Unalitazama, liko vile vile.

Hapa palikuwa na jambo moja la kufanya. Kuchomoa waya wa mtandao, kutogusa chochote, kumwita mtu anayejua. Nilijua. Nimesoma vitabu.

Nilifanya hivi: nikafuta akaunti ya Method. Nikafuta ile programu. Nikafuta kwenye daftari la mashine ule mstari wa Alhamisi saa tano na dakika kumi na mbili. Kisha nikaweka kiini kipya, nikazima, nikawasha. Iliwaka. Dakika kumi na nne! Haijawahi kuwaka haraka hivyo.

Nimewahi treni ya saa kumi na moja na nusu. Nimebadilisha Canary Wharf, nimesimama njia nzima.

Jumamosi, 6 Desemba 2003

Nimempigia Method kutoka kibanda cha simu, sijui kwa nini, kama mwizi.

Nikamuuliza neno lake la siri alilitumia wapi kwengine. Akacheka. "Aisee kaka, lile lile kila mahali, si unajua uvivu wangu." Kwenye jukwaa moja la mpira mtandaoni, na mahali kwengine hakumbuki. Kisha akaacha kucheka. "Kwani ile akaunti bado ulikuwa hujaifunga, tangu nilipokusaidia mara ya mwisho?"

Nikasema nilikuwa nimeiacha kwa ajili yake.

"Kwa ajili yangu?" akasema. "Mimi sikukuomba, kaka."

Hakuniomba. Kweli.

Jumatatu, 8 Desemba 2003

Nimemwambia Harish kwamba tuliingiliwa. Ummukulthum alinisukuma, nilimwambia nusu yake, ile nusu nzuri. Nikamwambia Harish: Alhamisi mtu aliingia kwa tundu lile lile nililokuandikia Jumatatu. Nililisema polepole, Jumatatu.

Uso wake ulikuwa wa mtu mzee. Akauliza, aliingiaje mpaka akafikia hilo tundu. Nikasema alipata akaunti. Ya nani? Nikasema alama zimepotea wakati wa kubadilisha kiini.

Uongo wa kwanza kwa sauti. Umetoka mwepesi.

Akafunga mlango. Ikawa Kiswahili. "Ile imeli yako ya Jumatatu. Iko bado?" Nikasema imeli hukaa. "Wewe unaweza kuitoa." Nikasema naweza. Hakuniambia niitoe. Akatoa peremende kwenye droo, akanipa moja. Nikaila!

Jumatano, 10 Desemba 2003

Bodi inataka maelezo ya maandishi. Harish amekwisha kuandika. Kuna pahala pa saini mbili, yake na yangu. Sentensi moja yenye uzito: hakuna ushahidi kwamba taarifa za wateja zimetoka.

Hakuna ushahidi. Kweli tupu! Ushahidi niliufuta mie.

Nikamwambia, tuwaambie wateja. Angalau wale ambao anwani zao ni siri. Hata kama hatuna hakika. Wana haki ya kuhama, ya kubadilisha kufuli, ya kuogopa kwa wakati.

Akasema tukiwaambia mia nne, kesho iko kwenye gazeti, keshokutwa mlango umefungwa. Nikasema basi mmoja. Célestine peke yake.

Akavua miwani akaifuta kwa shati. "Miraji bwana. Mkanda wa Alhamisi uko kwangu, Neasden, kabatini, kama kila wiki. Nimpe mtu autazame? Ataona nani aliingia. Alama haziwezi kupotea kwenye mkanda, ama vipi?" Halafu, kana kwamba limemjia sasa hivi: "Yule kijana Method, akaunti yake ulifuta mwezi wa sita. Fomu ninayo."

Si fundi, Harish. Lakini amekaa na mafundi miaka ishirini, na anajua mtu anayeficha anaonekanaje.

Mie nina karatasi yake mkobani, yeye ana mkanda wangu kabatini. Tumekaa pale watu wazima wawili, wote tumekula chumvi ya Pwani, tunachekeana.

Nimetia saini.

Nilipokuwa mwalimu wa hesabu Wete, mtu ofisini alinakili majina ya walimu wanaohudhuria mikutano fulani, akayapeleka yanakopelekwa. Jina langu lilikuwa la saba, nikafukuzwa kazi. Sikupata kumjua ni nani. Miaka yote nimemuwazia kama jitu lenye kinyongo. Leo nadhani alikuwa mtu wa kawaida mwenye watoto. Simsamehi. Nasema tu namuona vizuri zaidi.

Ijumaa, 19 Desemba 2003

Sherehe ya ofisi. Juisi. Célestine amealikwa, amevaa kitenge, amecheza na Harish! Harish anajua kucheza. Nimeondoka mapema.

Jumapili, 28 Desemba 2003

Ummukulthum ameuliza kwa nini silali. Nikamwambia nusu ya pili. Aliacha kumenya viazi. Sikutukanwa. Ameuliza tu: "Yule mama ana watoto?"

Wawili.

Hakusema ahaa. Ameosha mikono akaenda chumbani.

Jumatatu, 5 Januari 2004

Tundu jengine! Mwezi mmoja na siku nne, na kiini kile kile. Safari hii ni mahali pa kuhamisha kumbukumbu. Mtu mwenye akaunti ya chini anakuwa bwana, kama mwanzo. Kiini kipya, 2.4.24, kimetoka leo hii. Dawa ya Desemba haikutibu hili. Nilikuwa nimekaa nyuma ya mlango wenye tundu la pili, najipongeza.

Nimemwambia Harish kwenye ngazi. Hakuuliza swali. "Zima. Zima sasa, zima kesho, wakati wowote, usiniulize." Amepanda juu mbio.

Ruhusa niliyoililia. Imekuja kama mtu anayelipa mahari baada ya talaka.

Nimemwandikia: kesho asubuhi, nikishapata nakala kamili ya akiba.

Jumanne, 6 Januari 2004

Naandika nikiwa kazini, sijawahi. Saa nne na nusu asubuhi. Seva iko chini, kiini kipya kinajengwa, dakika ishirini zaidi. Célestine amekaa upande wa pili wa meza yangu, na koti lake.

Amekuja na ndoo, kisha akaiacha mlangoni. Anataka barua. Wakili, avoka anavyomwita yeye, yuko likizo mpaka Alhamisi, hawezi kungoja. Nimemuuliza kumetokea nini.

Jumapili kuna mtu amepiga simu nyumbani wanakokaa. Simu ya ukumbini, ya wote. Sauti ya mwanamume, adabu nyingi, Kiswahili cha kwao. Akamuulizia Mama Célestine, chumba cha juu. Hakuacha jina. Aliyepokea alidhani ni mtu wa kanisa.

"Labda ni mtu wa kanisa," nikasema.

"Kanisa haijue kwangu, Papa Miraji. Niliwaambia naikala Stratford."

Anataka ahamishwe tena. Lazima barua iseme nani anajua anwani yake. Ameshahesabu. Ananiambia kwa vidole, taratibu, ili nisikosee. "Andika: ni watu watatu tu. Polisi. Avoka yangu. Na ninyi hapa. Polisi haiwezi. Avoka haiwezi." Kidole cha tatu bado kiko juu. "Na ninyi pia hamuwezi, ile yenu inafungwa muzuri, Harish alituambia. Sasa ni nani?"

Nimemwambia angoje mashine iwake. Ndipo nikatoa daftari hili, kwa sababu mikono haikuwa na pa kukaa. Anadhani nimeanza barua. Ananyamaza kila nikiinua kalamu, akiniachia nafasi ya kuandika.

Huenda si kwetu. Huenda mtu wa harusini alimuona kwenye basi, akamfuata. Huenda yule mwizi wa Alhamisi hajui hata Bukavu iko wapi. Sitajua kamwe. Nilihakikisha hivyo kwa mikono yangu, katika dakika kumi na nne.

Harish amepita, amemuona, amenitazama mimi, amerudi ofisini kwake. Amefunga mlango taratibu sana.

Imebaki mistari michache kwenye skrini. Célestine amejiinua kidogo kwenye kiti, anasoma kichwa chini, kutoka upande wake. Ameshaliona jina lake. Anagusa karatasi kwa kidole hapo lilipo.

"Umeandika mengi," anasema. "Nisomee."